Alama Alizozificha Seif

Kuna siku moja haijanitoka, mwanangu, ingawa siyo niliyokusudia kukusimulia. Nilikuwa mdogo, kwa bibi yangu, kijijini Paje. Bibi karudi pwani na kikapu cha pweza, kakifunika kwa kanga kuukuu. Jirani akamuuliza, "Vipi leo, Bi Mwanakheri?" Akajibu, "Kidogo tu, cha kuonjea." Na kikapu kinamwinamisha shingo! Hakukusudia ubaya. Kwetu ukitaja ulichojaaliwa unaogopa jicho la hasadi. Hata mtoto mnene hasifiwi. Miye niliishia darasa la pili, basi nikichepuka nivumilie, naja.

Seif, mtoto wa marehemu ami yangu, alikaa mjini, mtaa wa Mkunazini, na mama yake, Bi Zuhura. Miaka ile ya hamsini, mtihani wa mwisho wa skuli ulisahihishwa Uingereza, nasi tukingoja majibu kama mgonjwa anavyongoja kukuche. Ya Seif yalipokuja, mwalimu mkuu alimwita ofisini akampa mkono. Hakuna kijana aliyempita. Tuliojua nyumbani ni mimi na mama yake tu. Bi Zuhura akafukiza ubani, akasema, "Alama zako asizisikie mtu mpaka umeshapanda meli ya kwenda chuoni."

Chuo kikuu cha bara kilichukua vijana wachache mno kutoka kisiwani kwetu, na kilimtuma bwana mmoja kuja kuwachagua. Vyeti vilikuwa bado havijafika, basi alitaka kila kijana ataje alama zake mwenyewe, zihakikiwe baadaye. Seif alitaraji chumba na mlango. Nikamsindikiza, tukakuta bwana kakaa ukumbini mwa skuli, na vijana wote benchi moja, bega kwa bega.

"Akiniuliza mbele ya hawa?" Seif akaninong'oneza.

"Mwambie."

"Na mama je?"

Bwana akaita wa kwanza.

Khamis wa Kikwajuni akatangulia. Akataja alama zake zote, hata za hesabu zilizomtia haya. Kisha ikawa zamu yetu.

"Nimepita, bwana," akasema Seif.

"Hapa wote wamepita. Umepata ngapi?"

Seif akageuka kulitazama benchi. Macho yote kwake. "Alhamdulillahi, bwana. Si haba."

"Yakhe," Khamis akacheka, "hilo nalo somo gani?"

Bwana akangoja, kalamu juu ya karatasi. Mimi huku nasema kimoyomoyo, sema, Seif, sema. "Mwenye alama nzuri hazifichi," bwana akasema taratibu, akaita mwingine. Alasiri ile ile akapanda meli.

Zikafuata wiki za kungoja. Bi Zuhura hali chakula, akisikia kengele ya baiskeli ya mtu wa posta anachungulia dirishani. Mwalimu mkuu, alipojua yaliyotokea, aliandika chuoni kueleza alama za Seif. Jawabu likaja kwamba nafasi zimejaa, na Khamis ni mmoja wa waliopata.

Siku hiyo babu yetu alikuwepo barazani. Hakufoka. "Zuhura," alisema, "mficha uchi hazai. Hasadi tunaikinga kwa dua. Mtu akikuuliza apate kukufaa, ukimnyima jawabu, kimya chako atakijaza kwa analolidhani yeye."

Basi nawe, mwanangu, unayeomba chuo siku hizi, na roho haitulii, nisikilize. Jirani akikuuliza alama zako, ukipenda mwambie si haba. Lakini chuo kikikuuliza, zitaje kama zilivyo, nzuri na mbaya, usipunguze wala usiongeze. Iliyokutia haya itaje pia, kwani Khamis haikumzuia. Wakikwambia hiari yako kutaja, usiache kwa hofu tu, muulize kwanza anayejua. Mungu akufungulie ulimi penye haki yako, akukinge na jicho, na mama yako akuone ukirudi.

Maneno yale ya babu Seif hakuyasikia yote. Babu alikuwa bado anasema, Seif akainuka, akavaa makubadhi yake.

"Mwakani, mwanangu," mama yake akamwambia. "Kuna mwakani."

"Naam, mama," akajibu, kwa adabu kama siku zote. Akashika uchochoro wa kwendea sokoni Darajani, hana haraka, kama mtu anayekwenda kununua mkate. Bi Zuhura akamwekea chai, akaifunika na kisahani. Hatukumwona tena, wala hatukupata kujua alikokwenda.