Jumamosi ya Dagaa

Sisi tuliofunika madaftari kwa magazeti na kupigia mistari kwa kalamu nyekundu tunakumbuka jinsi mwandiko mzuri ulivyookoa watu. Shuleni kwetu Mwanza daftari chafu lilikuwa kosa, hata kama majibu yote yalikuwa sahihi. Mama alikuwa akiniambia, "Masanja, kwa mwandiko huo utakuja kuwa karani." Watoto wa leo wanaandika kwa vidole gumba viwili, na bado wanalalamika mkono unauma.

Mwaka ule wa maonyesho ya sayansi nilipangwa na Kokugonza, binti wa nesi aliyehamia kutoka Kagera. Tulitaka kujua dagaa hukauka vizuri wapi: mchangani, juu ya jiwe, au kwenye chanja. Kila asubuhi tulianika mafungu matatu yenye uzito sawa pale ufukweni Kirumba, na jioni tukayapima kwa mizani ya shangazi yake, muuza samaki. Tulipokezana zamu, na aliyepima aliandika herufi ya jina lake pembeni. Daftari letu lilinuka, kurasa zikagandamana kwa magamba. Washindi wangepanda treni kwenda Dar es Salaam. Koku hakuwahi kupanda treni, na alishaazima sanduku.

Jumamosi moja, zamu yangu, nilisikia kelele za uwanjani. Nikaanika dagaa, nikaenda kwenye mpira, sikurudi. Jumapili Koku akakuta mstari mtupu.

"Wewe Masanja, jana ulikuwa wapi?"

"Tumbo liliniuma."

"Tumbo lako linapenda mpira. Haya, andika hukupima. Yaishe."

Nikasema nitaandika. Wiki ya maonyesho nikajitolea kunakili kila kitu kwenye daftari jipya, kwa mwandiko wangu ule wa ukarani. Nilipofika kwenye mstari ule mtupu, nikatazama kwanza kama kuna mtu nyuma yangu. Nikajumlisha Ijumaa na Jumapili, nikagawa kwa mbili. Pembeni nikaandika K, ili nikiulizwa nisiwe mimi. Daftari la zamani nikampa mama muuza karanga afungie karanga zake, kama tulivyofanya na madaftari yote yaliyokwisha.

Siku ya maonyesho jaji alifika mezani petu. Alikuwa mwalimu mgeni, mpole, mwenye miwani. Alipitisha kidole ukurasa hadi ukurasa, kikasimama.

"Jumamosi hii mvua ilinyesha mpaka mpira ukavunjika. Mimi mwenyewe nilirudi nimelowa. Dagaa wenu walikaukaje?"

Akaligeuza daftari, akatazama jalada lake jipya.

"Daftari la ufukweni liko wapi?"

Akarudisha kidole pembeni mwa mstari ule.

"K ni nani?"

Koku aliitazama ile herufi, halafu akanitazama mimi. Alinisubiri. Niliangalia viatu vyangu. Mwishowe akasema, "Ni mimi, mwalimu," akainamisha kichwa. Jaji akafunga daftari taratibu, akahamia meza ya pili. Koku alirudisha sanduku kwa mwenyewe jioni ileile. Hakunisema kwa mtu yeyote. Hakunisemesha tena.

Juzi mjukuu wangu Neema, wa kidato cha pili, alikuja na daftari lake. Anapima miche ya mchicha kwa ajili ya maonyesho ya shule yao.

"Babu, shikamoo. Jana nilisahau kupima. Nichukue wastani wa juzi na leo?"

Nikavuta daftari karibu, nikautazama mstari mtupu.

"Andika hukupima."

"Babu, watanikata maksi."

"Watakukata. Andika."

Akaguna, akaandika, "Jana sikupima, nilisahau," akatia jina lake lote, akarudi kwenye simu yake. Haikumchukua hata dakika.

Enzi zetu hatukuwa na simu za kutunza picha na saa ya kila jambo. Tulikuwa na kalamu, mwandiko na woga. Koku yuko Geita, na namba yake ninayo tangu Pasaka. Miaka yote nilijiambia nitakwenda kumwona, ila kivuko cha Busisi kinachelewesha, mtu anaweza kupoteza nusu siku pale majini. Sasa daraja lipo, watu wanavuka kwa dakika chache tu. Sina tena kivuko cha kukisingizia.