Aliyemchora Mwanangu

Mwanangu aliondoka Kismayo na wenzake kwa njia za magendo za kwenda Ulaya, safari ambayo vijana wetu huiita tahriib. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa jangwani. Alisema wanabadilishiwa gari, nisimtie baba yake hofu. Baada ya hapo, kimya.

Kazi yangu ni kuchora hina. Maharusi wa mtaani walikuwa wangu, lakini tangu simu ile maua yangu yalianza kwenda kombo, wakaenda kwa wengine. Nikawa nashinda barazani na simu mkononi. Isipolia, nilipekua picha za watu mtandaoni, zozote, ilimradi nisiutazame mlango.

Ndivyo nilivyokutana na kazi za binti mmoja. Ya kwanza ilikuwa picha nyeusi na nyeupe ya wanawake wakipara samaki Chovai, kisiwa nilikozaliwa. Mistari minene, hakuna ziada. Mmoja alikuwa ameinama vilevile alivyokuwa akiinama mama yangu. Sikujua kwamba watu kama sisi huchorwa. Mimi nilizoea kuchora maua yanayofifia mikononi. Huyu alichonga kipande cha raba kwa kisu kidogo, akakipaka wino, akakigandamiza kwenye karatasi, na picha ikabaki. Niliitazama mpaka chaji ikaisha.

Nilimtumia ujumbe wa sauti. Akajibu kesho yake, kutoka Ulaya. Wazazi wake walikimbia Chovai wakati wa vita, naye kazaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Mombasa. Kisiwa chenyewe hajakiona. Lakini alisema "mchu" kama sisi wa Chovai, si "mtu", na akaniita halati, kana kwamba mama yake ni dada yangu. Akanionyesha na kazi za wenzake: mmoja huchora vitabu vya watoto, mwingine hubuni maumbo ya herufi. Kuna saa nilizitazama nikasahau kabisa kusubiri simu, kisha nikajichukia kwa kusahau.

Siku moja nikamwomba amchore mwanangu. Picha zake za ukubwani zote zilikuwa kwenye simu aliyoondoka nayo. Mimi nilibaki na moja ya utotoni, meno ya mbele hana, kofia ya baba yake imemmeza kichwa. Nilitaka uso wa kuwatumia watu walioko njiani, waulizie.

Alikubali. Akawa ananiuliza, nami namweleza. Paji pana. Nyusi zimekutana. Mchoro wa kwanza ulipokuja, alikuwa mtu mwingine kabisa. Nikasema pua ipunguzwe. Wa pili ukaja na macho ya baba yake. Halafu akaniuliza kuhusu masikio.

 Nimeyaosha masikio yale tangu yangali laini, na sikuweza kusema kama yamelala au yamesimama. Nikamwuliza mume wangu. Akageukia ukutani.

"Sikumbuki, mwanangu," nikamwambia yule binti. "Mimi mamake, sikumbuki."

Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akasema polepole, "Halati, naweza kumvika kofia iyafunike. Lakini fikiri kwanza. Nikishachonga, raba iliyotoka hairudi."

"Basi usichonge," nikasema. "Mwache kwenye penseli."

Akamwacha. Akanitumia mchoro wa penseli, kofia imeshuka mpaka kwenye masikio. Nikauchapisha kwenye duka la fotokopi karibu na soko, na picha ya mchoro huo nikawatumia wote walioko njiani niliopewa namba zao. Aliyejibu ni mmoja tu. Alisema vijana wa sura hiyo amewaona wengi, Mungu anisaidie.

Mpaka leo hakuna habari. Binti bado hunitumia kazi mpya, nami huzisifu, kwa kuwa ni nzuri kweli. Mume wangu hauangalii ule mchoro. Mimi huuangalia kila asubuhi, na sasa nimeanza kuuogopa. Nikifumba macho nimwite mwanangu aje, anayekuja ni yule wa penseli.