Nahau Zilizofuliwa Jericho

Sisi tuliofanya mtihani wa darasa la saba pale mtaa wa Jericho, enzi ambazo insha ya Kiingereza bila nahau ilikuwa kama githeri bila chumvi, tutayasahauje madaftari yetu? Kila mmoja alikuwa na lake, limejaa misemo tuliyonakili ubaoni. Mwalimu aliweka alama ya vema kwa kila nahau, basi nasi tukazimwaga. Katika insha zetu mvua ilinyesha paka na mbwa, na kila aliyeogopa aliingiwa na vipepeo tumboni. Hata insha ya kwenda kuteka maji ilikuwa na nahau kumi na mbili.

Jioni, baada ya kucheza mpira wa kati mpaka ndala zikakatika, nilikaa jikoni nikikariri. Mama hakuwahi kuingia darasani, lakini alikuwa na sheria yake: hupakuliwi ugali kabla ya kueleza maana. Nilipomweleza ya paka na mbwa, alicheka hadi mwiko ukamponyoka.

"Hao wazungu wako wako na mambo! Sasa mtu ataanika nguo aje na mbwa zinaanguka?"

Kila nahau aliitafutia mwenyewe palepale mtaani. Kuzungukazunguka kichaka, yaani kukwepa kutaja lililokuleta, alimpa jirani yetu Mama Zuhura, ambaye aliulizia afya ya ukoo mzima ndipo aombe chumvi. Kufungua ukurasa mpya alimpa Baba Mutiso, dereva wa lori, aliyeacha pombe kila Januari. Kuuma tonge lisilotoshea mdomoni alinipa mimi, siku niliyong'ang'ania kubeba ndoo mbili nikafika nyumbani na nusu.

Mtihani ulikuwa Jumanne. Jumamosi kabla yake Mama aliutumbukiza mkoba wangu wa kitambaa kwenye karai la sabuni, daftari likiwa ndani. Lilipotoka, kurasa zilikuwa uji na wino umegeuza maji yote buluu. Nililia kama nimefiwa. Kwetu hakuna aliyewahi kufika sekondari, na mimi ndiye niliyetegemewa.

Mama alisimama, mikono ikimchuruzika povu. Nilijua naye ameumia. Kisha akavuta kigoda.

"Wee Mwende, nyamaza. Si ndiyo ile ya maziwa kumwagika? Kulia haiyarudishi. Leta kalamu na daftari lingine. Ile ya Mama Zuhura inasemwa aje?"

Nikaisema kwa Kiingereza, nikaandika.

"Na ya Baba Mutiso?"

Nikaandika. Tukaenda hivyo mlango kwa mlango, laini yetu yote ya nyumba mpaka kwa fundi viatu, bila kuondoka pale kwenye kigoda. Mama hakujua neno moja la Kiingereza, lakini hakuwahi kumsahau jirani. Kufikia saa kumi daftari jipya lilikuwa limejaa, na Jumanne niliandika insha yangu huku nikiwaona wote wamepanga foleni. Nilipita.

Siku hizi mjukuu wangu wa Komarock akikwama kwenye nahau, hata kuniuliza haoni haja. "Shosho, si iko kwa simu?" Na kweli iko, anaipata kabla sijavaa miwani. Sina ugomvi na simu. Nilipomuuliza jina la jirani wa mlango wa pili, hapo ndipo simu ilipokosa jibu, naye akaniangalia kana kwamba nimeuliza swali la mtihani. Maana za nahau tunazo nyingi kuliko zamani, na watu wa kuzipa tunazidi kuwakosa.

Mama sasa ni mzee na kumbukumbu zinamtoroka. Mwezi uliopita aliniuliza mara mbili mimi ni nani, na iliniuma kuliko ninavyoweza kusema. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye.

"Mama, ile ya Mama Zuhura?"

Uso ukamchangamka.

"Huyo hajakuja kusalimia tu," akasema. "Mwende, hebu mpe chumvi."