Gauni Lililopita Pipa

Shangazi yangu ndiye mtunza mavazi wa jumba la maigizo, na waigizaji humwita Mama Shabu. Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Uani, nyuma ya chumba chetu cha kushonea, kuna pipa lenye maji ya shabu, yale mawe meupe ambayo kinyozi humsugulia mteja aliyemkata. Hakuna vazi linalopanda jukwaani bila kuzamishwa humo na kuanikwa, ili cheche ikilidondokea lisiwake. Likikauka linakuwa gumu, rangi inafifia na kwapani linawasha. Mimi ndiye mpiga pasi, kwa hiyo matusi yote huanzia kwangu.

Ukilalamika mbele yake, atakuketisha juu ya sanduku la vitambaa akusomeshe. Atakwambia jinsi zamani majumba ya maigizo yalivyowashwa taa za mafuta, kisha za gesi, na wacheza dansi wakavaa sketi nyepesi za kupepea. Dawa ya kuzuia moto ilikuwepo. Wakaikataa kwa kuwa iliharibu weupe wa sketi, na wengine wakaungua mbele ya watu waliokata tiketi kuwatazama. Atakwambia habari za milango iliyofunguka kwa ndani, umati ukaisukuma ukakwama hapohapo. Mdharau mwiba mguu huota tende, atamalizia, nawe utashuka sandukuni ukiwa na joho lako linalowasha.

Jumba lenyewe halijajifunza kitu. Ndoo za mchanga ukutani zimejaa vichungi vya sigara. Mlango wa dharura ni mzima kabisa, ila mbele yake kimewekwa kiti cha enzi cha mchezo wa mwaka juzi, kwa sababu hakuna pengine kinapoenea. Mkaguzi wa zimamoto akija hupewa kiti cha mbele, hucheka kuliko wote, kisha huenda zake ameridhika. Mwongozaji wetu naye ana ugonjwa wa uhalisia: hataki taa za umeme, anataka mishumaa ya kweli, tena mingi. Kwa hiyo kati yetu na msiba limebaki pipa moja na mwanamke mmoja mkali.

Ukali huo haukuchagua mtu. "Kwangu hakuna mtoto wa fulani," alikuwa akisema. "Moto haumuulizi mtu kwao ni wapi." Jamaa mmoja mnene anayecheza wafalme alitishia kuacha kazi joho lake lisiposamehewa. Joho likachovywa, akaacha kazi, akarudi, likachovywa tena.

Mwaka huu binamu yangu, mtoto wa pekee wa shangazi, akapewa nafasi ya bibi harusi. Mpaka hapo alikuwa ameigiza mjakazi mwenye trei, mti, na mara moja maiti. Shangazi akamshonea gauni la shifoni nyeupe lenye mkia mrefu. Lilikuwa zuri, sisemi uongo. Siku ya kuchovya ilipofika, akatoka nalo uani, akalipita pipa, akarudi nalo ndani akalitundika.

"Shangazi, hilo bado," nikamwambia.

"Nguo zangu nazijua."

"Lakini halijaingia kwenye maji."

"Mtoto ana onyesho moja tu, tena atapita mbali na mishumaa. Unataka siku yake ya kwanza atoke kama gunia la mahindi?"

Nikainamia pasi yangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilikasirika, na zaidi ya hasira niliogopa, kwa sababu mwongozaji na mishumaa yake nilikuwa nawajua. Binamu alipokuja kulijaribu, akalipapasa sana mkononi. Akaomba alale nalo chumbani kwake alikopanga, ajizoeze kutembea na ule mkia.

Kesho yake, siku ya mchezo, alifika amechelewa, amelivaa tayari chini ya koti refu, akalivua koti pembeni mwa jukwaa na kuingia moja kwa moja. Mwongozaji alikuwa ameisogeza mishumaa katikati, ati uso wa bibi harusi uonekane. Binamu akageuka, mkia ukakumba kinara, mshumaa ukaangukia pindo.

Shangazi alikuwa kando yangu. Blanketi lililoloweshwa kwa ajili ya siku kama hiyo lilikuwa miguuni pake, akaliruka. Akakimbilia jukwaani na kiatu kimoja, futikamba shingoni, akamwangukia mwanawe akimpigapiga kila mahali. Watazamaji wakadhani ndiye mama mkwe, wakashangilia.

Pindo lilikuwa limeungua tundu dogo tu, jeusi ukingoni. Hakuna kilichowaka.

"Mama, niachie," binamu akanong'ona. "Nililichovya."

"Lini?"

"Jana. Kwenye beseni la kufulia."

Pazia liliposhuka, shangazi alibaki sakafuni akilisugua lile pindo gumu kwa vidole.

"Umezidisha shabu," akasema.

"Nimefuata kipimo chako."

"Mbona hukuniambia?"

Binamu aliketi karibu naye, akamvua futikamba shingoni. "Nilipoona hujalichovya, nikajua unanipenda. Ndipo nikaogopa."

Shangazi akalia, naye si mtu wa kulia. Mimi nikaenda kuzima mishumaa, maana mwongozaji alikuwa bado anapokea pongezi kwa ubunifu wa yule mama mkwe.

Asubuhi jamaa wa wafalme alikuja uani amebeba joho. Habari ilikuwa imemfikia.

"Mama Shabu," akasema, "hata mimi mama yangu ananipenda. Hili nalo lipite?"

Shangazi akalipokea, akalizamisha pipani mpaka viwiko vyake vikalowa. Ile hotuba ya mtoto wa fulani hakuitoa.