Vidole vya Maiti

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu mtaa wa Buyenzi, shangazi Hadija alirudi kutoka Mutanga Nord, mtaa wa matajiri alikokuwa akifua nguo kwa Mzungu mmoja, akiwa na mfuko wa mizizi ya ajabu. Aliichimba chini ya mimea yenye maua ya njano, mfano wa alizeti ndogo. Ilikuwa na vifundo, rangi ya udongo, mingine imeshikamana mitatu mitatu.

"Madamu anaiita topinambu," alisema. "Inakuliwa."

Bibi aliigeuza kwa ncha ya kisu. "Apana. Hivi ni vidole vya maiti. Mutoto akikula, mwenye vidole atakuja kuvitafuta mu tumbo yake."

Jina likashika papo hapo. Bibi akaimwaga nyuma ya nyumba.

Kesho yake, Bibi akiwa sokoni, niliiokota nikaichemsha. "Kula we kwanza," nilimwambia mdogo wangu Zaituni, wa miaka sita. "Mi nitakula nyuma yako." Alikula mitano, akasema ni mitamu. Mimi sikuonja hata mmoja.

Kabla ya magharibi tumbo lake lilikuwa limevimba, likinguruma kwa sauti nzito iliyozunguka huku na huku.

"Dada, kuna mutu ndani," alilia.

Niliweka sikio, nikasikia mtu akipekua. Niliamini nimemuua mdogo wangu.

Bibi aliporudi nilimwambia yote. Hakunipiga. Alimkanda Zaituni tumbo kwa mawese ya uvuguvugu, akimsomea dua na kumwomba mwenye vidole amsamehe mtoto. Hapo ndipo nilipoogopa kweli: kumbe hata yeye aliamini. Adhana ya isha ilipolia, Zaituni alitoa upepo mrefu, akapata nafuu, akalala.

Leo najua mizizi ile hujaza tumbo gesi, basi. Nimesoma pia kwamba Wafaransa waliipa jina la Watupinamba, watu wa Brazili waliopelekwa Ufaransa kutazamwa na umati, siku zile mizizi hiyo ilipokuwa bado ngeni huko. Wala haikutoka kwao. Kila mtu, naona, huita kitu kigeni kwa jina la kile kilichomjaa kichwani. Bibi alikuwa amezika wengi.

Zaituni sasa ni mama wa watoto watatu. Husimulia kisa hiki akicheka, na kila mara husema tulikula wote wawili. Sijawahi kumsahihisha.