Nyumba ya Mtawanya na Wageni Waliotaka Utulivu

Kitendawili, msomaji wangu! Mgeni wangu hana miguu, lakini mwingine akipiga hodi tu, yeye katoka mbio. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ukinipa Mtwara naupokea, nakaa nao. Jibu ni ukimya, na mwanamke ninayekusimulia habari zake kazi yake ni kuutafuta.

Saa moja asubuhi, Mtawanya, pembezoni mwa mji. Safina Chande, mama wa miaka arobaini na moja, amesimama katikati ya sebule amefumba macho. Haombi dua. Anasikiliza. Jogoo mmoja. Fagio la jirani. Bajaji huko barabarani, basi.

"Kutazama nitatazama baadaye," anasema, akifungua dirisha. "Picha kwenye simu zote nzuri. Lakini picha haikwambii kama nyuma ya nyumba kuna mashine ya kusaga."

Safina huwatafutia nyumba familia zinazokuja Mtwara likizo. Zamani alikuwa akiwauzia chai na chapati vibarua wa bandarini, na madereva wakamzoea. Mama, walikuwa wakimuuliza, mtu akija na watoto alale wapi pasipo na baa dirishani? Akawa anawapeleka. Msimu wa korosho, malori yakijaa, hampeleki mtu karibu na njia ya bandari. Wenye watoto wachanga huwaweka jirani na zahanati na genge.

Hii ya Mtawanya ndiyo pekee anayoitunza mwenyewe: anafua shuka, anapika, anashika funguo. Ndoto yake ni kujenga vyumba viwili vya wageni uani kwake. Lakini mwenye nyumba, Bi Sabra, ameshamwambia: wageni wakikimbia tena, anaipangisha kwa mwezi kama nyumba nyingine.

"Wa kwanza walikimbia mbu," Safina anacheka. Kisha kicheko kinamwishia. "Hii ikiondoka, narudi kwenye chapati."

Wageni wa safari hii wametoka Dodoma: Anold, mkewe Luisa, watoto wao wawili, na mama yake Luisa, Bibi Dalila, mzaliwa wa kando ya Ruvuma. Bibi ana presha. Tangu afiwe na mumewe anaishi kwa binti yake, na daktari kasema apumzike. Nao wamempumzisha kwelikweli: hashiki ufagio, hashiki mwiko. Kwenye simu Anold aliomba kitu kimoja tu, utulivu.

Safina alipita kwa majirani akauliza habari za baa, spika na mafundi wa kuchomelea. Habari za unyago, ngoma ya kuwafunda wasichana, hakuuliza, maana Fauzia, jirani wa nyumba hiyo, ana watoto wa kiume watupu. Kumbe mwali yupo, mtoto wa dada yake Fauzia, ameletwa kutoka Msimbati aje atolewe mjini.

Siku ya pili, alasiri, ngoma zikaanza. Na vigelegele juu.

Anold akatoka barazani. "Dada Safina, huu ndio utulivu?"

"Nisamehe kaka yangu. Mwali wa jirani anatoka. Jumamosi wanamaliza."

"Jumamosi! Mimi nimeleta mgonjwa!"

"Taratibu, Baba Josephu," Luisa akamvuta shati. "Watu wanasikia."

"Wanasikia nini na ngoma ile!"

Anold alikuwa ameshapiga simu, vyumba vipo Shangani. Akachuchumaa mbele ya mkwewe, sauti ikashuka. "Mama, tumekuja kwa ajili yako. Tuhame?"

Bibi Dalila akavuta kanga yake begani, akatazama chini. Anold akadhani amekubali, akaingia ndani kufunga mabegi.

Safina akavuka kwenda kwa Fauzia kuomba wapunguze.

"Shoga, ngoma ya mwali hii, si redio," Fauzia akamwambia kwa upole. "Nitaipunguza kwa kitufe gani?"

Aliporudi, mabegi yalikuwa mlangoni na kiti cha Bibi kilikuwa kitupu. Luisa akaanza kulia. Wakamtafuta chooni, uani, barabarani. Mtoto mdogo ndiye aliyemwona, kwa juu ya ukuta wa Fauzia, wakakimbilia huko wote.

Bibi alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, ungo mapajani, anachagua mchele na kuwagombeza kwa Kimakonde, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Mchele gani huu? Mnataka mwali ang'oke meno siku ya furaha yake?" Wanawake hoi kwa kicheko. Luisa akasimama pale pale, machozi hayajakauka. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alimsikia mama yake akigomba.

"Mama," Anold akasema taratibu, "mabegi yako tayari."

Safina alikuwa nyuma yake, kashika funguo kwa mikono miwili.

Bibi Dalila akapepeta ungo, akaokota jiwe, akalitupa. Hakuinua macho.

"Uliniuliza tuhame," akasema. "Nyie nendeni, baba, mkapumzike. Mimi huu mchele sijaumaliza."