Pini Katika Unyayo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifanya ujinga ambao nikiukumbuka hujifunika uso kwa mtandio. Ilikuwa karakana ya sare za shule, Kensington. Saa nne Msimamizi, mama wa hapahapa mwenye sauti nene, akatuita tukanywe chai. Nikamjibu, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kwamba sisi Waislamu hatuhitaji kupumzika. Hakuna aliyenifundisha hivyo, si Tanga nilikozaliwa, wala hapa mume wangu aliponileta aliporudi kwao kutoka uhamishoni, makaburu walipoachia madaraka. Nilitaka tu nionekane mchapakazi.

"Eish," akacheka, "basi baki na kazi yako."

Nikabaki nayo miaka. Chai nikawa naisikia harufu tu.

Nilianzia kwenye bandi, yaani mishono mirefu ya mkono inayoshikiza nguo kabla haijaingia kwenye cherehani. Baadaye nikahamia karakana kubwa ya Randburg, nikapewa meza ya kukata. Mkataji hakai. Hutandika kitambaa tabaka kwa tabaka, hubana karatasi ya vipimo juu yake kwa pini, halafu huzunguka meza na mkasi kutwa nzima. Na mimi ni mtu ninayependa kochi langu kuliko harusi ya shangazi! Lakini nilishajiaminisha kwamba kuchoka kwenyewe ni thawabu. Sukari iliponipata, miguu ikaingia ganzi. Sikumwambia mtu.

Ramadhani moja tulikuwa na kanzu nyingi za Idi. Adhuhuri nilisali nyuma ya majora, nikakanyaga sakafu ya karakana kwa soksi. Alasiri, nikitia udhu kwenye sinki, nikanyanyua mguu wa kulia nivue soksi. Kichwa cha pini, cha buluu, kilikuwa kimekaa katikati ya unyayo. Chuma chote kilikuwa ndani, nami sikuhisi hata mwasho.

Nikakichomoa, nikafunga kitambaa, nikarudi mezani. Siku tatu nikafunga saumu, nikasimama, nikajiona walii.

Siku ya nne Fundi Mkuu, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu, akasimama kando yangu akinusa.

"Mama Rehema, nini inanuka hapa?"

"Ngozi ya kiatu, Papa."

"Ngozi! Vua hiyo kiatu." Akaangalia, akaziba pua. Kisha: "Weye unataka kufia juu ya kitambaa ya watu? Twende hospitali."

Daktari alisema nile mchana, nidungwe sindano za insulini, na nisikanyage huo mguu mpaka aniruhusu. Nikikaidi, ataukata. Moyoni nikasema, huyu si Mwislamu, atajuaje? Nikamwomba Fundi Mkuu anipitishe msikitini. Nilitarajia imamu anisifu.

Imamu alinisikiliza hadi mwisho. "Mama," akasema, "mwili wako una haki juu yako. Mgonjwa ameruhusiwa kula, na ruhusa hiyo ni zawadi ya Mola wako. Wewe unamrudishia mlangoni?"

"Nilidhani najitahidi, sheikh."

"Ulikuwa unajidhuru, halafu ukaita ibada."

Nililia garini. Fundi Mkuu akanipa chupa ya maji, akageuza uso dirishani ili ninywe bila aibu. Yeye ni Mkatoliki. Hakuna mtu aliyepata kunistahi namna ile.

Mguu ulipona, ila kidole kidogo nilikiacha hospitali. Niliporudi kazini nikakuta kiti kirefu kando ya meza. Nikawa nakata kola na mifuko nikiwa nimekaa, mpaka nilipostaafu.

Ninyi vijana mnaoshona sasa, nawaambia hivi: kulala, kula dawa na kukaa chini nimevitilia nia kama ninavyotilia nia swala. Lakini msinidhanie nimeshajua. Mwezi uliopita jirani yangu Bi Mwanaisha, Mmombasa, alikuja Magharibi ikiadhiniwa. Kwa kawaida nasali kwenye kiti, maana mguu umeanza tena kuvimba. Kwa kuwa yeye ananitazama, nikasimama. Rakaa ya pili nikayumba, nikashika pazia, nikakaribia kuanguka nalo.

Alisubiri nitoe salamu, kisha akasema: "Ulisimama kwa ajili ya nani, Mungu au mimi? Kama ni mimi, nishakuona. Kaa."